Ushago Si Jalala la Vitabu Vyako

Wasee, leo nitaudhi watu, na wengi wao ni majirani zangu hapa Spring Valley, Loresho na Kitisuru. Ombi langu ni moja: wacheni kwanza hizo safari za kupeleka vitabu ushago. Ndio, umesoma poa. Wacheni. Mkimaliza hii posti tuongee upya.

Si mnajua vile huwa. Likizo ya Agosti ikikaribia, kundi la WhatsApp linaundwa. Mtu anatengeneza bango lenye picha ya mtoto anayetabasamu. Masanduku yanaanza kurundikana kwa geti na soja anaambiwa ayaangalie. Tisheti zinachapishwa, na hapo ndipo pesa nyingi huenda. Siku ikifika, basi dogo linakodiwa, watu wanapanda alfajiri na spika ya muziki, wanafika mashinani saa saba mchana. Mwalimu mkuu anatoa hotuba. Mtu anakata utepe. Watoto ambao wamengoja juani tangu saa tatu wanapewa kitabu mmoja mmoja ili wapigwe picha nacho. Saa kumi basi limegeuza. Usiku huo TikTok imejaa: "Tumefungua maktaba!"

Hapana. Mmeacha masanduku kwa chumba.

Na tusidanganyane kuhusu sababu. Ukisoma shule ya mtaala wa IB, huduma kwa jamii ni lazima ndio upate diploma. President's Award pia ina sehemu yake ya huduma. Ukituma maombi ya chuo Marekani au Uingereza, insha yenye neno "kijiji" inapendeza. Sina shida na mtu kupata cheti chake. Shida yangu ni pale mtoto wa Mwingi au Mumias anageuzwa kifaa cha wewe kukipata.

Ndani ya masanduku kuna nini?

Fungua moja tu uone. Kuna vitabu vya marudio ya KCPE. Jamani, KCPE ya mwisho ilifanywa 2023! Mtoto wa gredi ya saba atafanya nini na maswali ya mtihani ambao haupo tena? Chini yake kuna mwongozo wa programu ya kompyuta ambayo hakuna mtu anatumia, ensaiklopidia ambayo bado inaonyesha Sudan kama nchi moja, riwaya za kizungu za watu kuteleza kwa theluji, na majarida ya mama ya mambo ya nyumba. Kitabu ambacho ungeona aibu kumpa rafiki yako birthday yake, hicho ndicho unampelekea mtoto wa mtu ukitarajia shukrani.

Kitu ambacho hukosekana karibu kila mara ni vitabu vya Kiswahili. Unatafuta Siku Njema ya Ken Walibora, ambayo ipo tangu 1996, hupati. Hadithi kwa lugha ya pale kijijini? Sahau. Na kuna sababu rahisi: hakuna mtu aliuliza. Masanduku yalijazwa na kile kilichokuwa kinajaza nafasi kwa nyumba zetu. Tulihama, tukasafisha stoo, tukaita hiyo ukarimu.

Sasa fikiria kazi ambayo umemwachia mtu wa huko. Lazima achambue, apange, atupe. Kutupa nako hawezi kwa amani, maana kesho mfadhili akirudi na kukuta vitabu vyake havipo kwa rafu, kutakuwa na maneno. Basi vinabaki pale, vinakula nafasi, mchwa wanakula vitabu.

Kitabu hakifungui mlango

Binamu yangu anasoma gredi ya nane huko kwetu, kaunti moja ya Magharibi. Maktaba ya umma iko mwendo wa dakika arobaini kwa miguu. Jengo lipo. Rafu zipo. Vitabu vipo, tena kibao. Unajua kinachomfungia nje? Ufunguo. Uko na mtu mmoja. Huyo mtu akienda mazishi, akiitwa ofisi kuu, akiugua, maktaba haifunguliwi. Jumamosi, siku ambayo watoto wana muda, imefungwa. Jioni pia, kwa sababu saa za ofisi zimeisha. Likizo ya Aprili alienda mara tatu na akarudi mara tatu na vumbi tu. Siku hizi akipewa kazi ya utafiti na mwalimu anaenda saiba sokoni, analipia dakika kumi, analipia na kuchapisha, na kama mama hana hizo pesa siku hiyo, kazi haifanyiki.

Hapo ndipo kiini cha haya yote kilipo. Maktaba ya mashinani mara nyingi haifi kwa kukosa vitabu. Inakufa kwa kukosa mtu. Mtu mwenye mshahara, anayejua majina ya watoto, anayejua kwamba yule wa darasa la tano ameshamaliza rafu yote ya hadithi na anahitaji kitu kigumu zaidi. Mtu anayewasha taa saa kumi na mbili jioni, kwa sababu kwa nyumba nyingi taa ya kusomea bado ni shida. Anaitwa mkutubi. Ukimpata mkutubi mzuri na vitabu mia mbili, una maktaba. Ukipata vitabu elfu kumi bila yeye, una stoo.

Lakini mkutubi hapigiki picha vizuri. Huwezi kumfunga utepe. Mshahara wake wa Machi haupendezi kama sanduku, na wa Aprili haupendezi kama wa Machi. Ndio maana hakuna mtu anaunda kundi la WhatsApp kwa ajili yake.

Katiba imesema ni kazi ya nani

Wengi wetu hatujui hii, kwa hivyo soma polepole. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inaorodhesha kazi za kaunti. Kipengele cha nne kinataja maktaba waziwazi. Na unajua ziko karibu na nani kwenye hiyo orodha? Kamari na kasino, mashindano ya mbio, leseni za pombe, sinema. Niko serious. Maktaba na leseni za pombe ziko kipengele kimoja cha Katiba, mistari michache tu kati yao.

Sasa hebu jiulize: kati ya hizo mbili, kaunti yenu imeshughulikia gani? Leseni za pombe zina maafisa, zina ada, zina msako. Kila baa ya kila senta inajulikana iko wapi na inadaiwa ngapi. Maktaba nayo utaambiwa "tunatafuta wafadhili". Ni kipengele kilekile! Moja inaleta pesa, nyingine inataka pesa, basi moja ina afisa na nyingine ina kufuli.

Kabla ya ugatuzi, maktaba nyingi za umma zilikuwa chini ya Shirika la Huduma za Maktaba, KNLS, ambalo lipo kwa sheria ya Bunge tangu 1965. Kaunti zilipoingia 2013, ukaanza mvutano: jengo ni la nani, mfanyakazi analipwa na nani. Huo mvutano umechukua miaka. Mtoto aliyezaliwa Katiba ikiwa mpya sasa ni kijana, na wakubwa bado wanasukumiana faili. Na kila tunapotua na masanduku yetu tunawapa nafasi ya kupumua. MCA anakuja kwa sherehe yako, anasimama katikati ya picha, anasema "tunashukuru wadau." Mdau ni wewe. Umemfanyia kazi yake, vibaya, bure, na bado umempa jukwaa.

"Lakini angalau sisi tunafanya kitu"

Najua hiyo itakuja kwa maoni, kwa hivyo nijibu mapema.

Kufanya kitu si sifa kama hicho kitu kinampa mwenye jukumu kisingizio. Ukija kwangu kila mwaka kunipakia rangi mlango na paa linavuja, nitakushukuru kwa heshima kwa sababu nimelelewa vizuri. Lakini usiandike kwamba umenijengea nyumba.

Wengine watasema, "Kwani harambee si ni utamaduni wetu?" Ni kweli kabisa, na shosho zetu walijenga shule kwa harambee, shilingi kwa shilingi, kuku kwa kuku. Tofauti ni hii: harambee iliitishwa na wenye shida wenyewe. Wao ndio waliamua wanajenga nini na wapi, na kesho yake walikuwa bado wako pale kumuuliza mweka hazina pesa zimeenda wapi. Wewe ukishapanda basi, nani atakuuliza?

Na wale mtasema kaunti haina pesa: kaunti ina bajeti, na bajeti ni orodha ya vitu ambavyo watu waliopiga kelele walipata. Waliokaa kimya hawamo.

Waliofanya vizuri wapo

Sitaki mtu aondoke hapa akisema nachukia kusaidia. Kuna watu wamefanya hii kazi ikasimama, tena hapahapa Afrika Mashariki.

Anza Garissa. Mwaka 1996 KNLS walianzisha maktaba ya ngamia. Wageni huiona kama kichekesho cha kupiga picha, na hata mwandishi mmoja Mmarekani aliiandikia riwaya. Lakini iangalie kama mfumo. Watu wa kule wanahama na mifugo, kwa hivyo maktaba nayo ikahama. Ngamia mmoja anabeba kama vitabu mia nne kwenye masanduku mawili, mwingine anabeba hema. Wahudumu ni waajiriwa. Kuna ratiba, na wanarudi kuchukua vitabu vya mwanzo na kuleta vingine. Neno muhimu hapo ni kurudi. Ngamia anarudi. Basi lenu la Agosti halirudi.

Vuka mpaka uende Uganda, kijiji cha Kitengesa, karibu na Masaka. Mwaka 1999 walianza na sanduku la vitabu shuleni. Ndio, sanduku, kama lenu. Pesa za jengo zilitoka ng'ambo, sikatai. Lakini walifanya kitu ambacho ningependa kila klabu ya huduma iige: wanafunzi wa palepale wanapewa kazi ya kuhudumu maktabani na kwa hiyo kazi wanalipiwa karo. Kijana wa kijiji anasoma, anapanga rafu, anasomea wadogo, na shule haimfukuzi kwa karo. Pesa iliyotoka nje ikaishia kwa mtu wa ndani mwenye kazi ya kufanya. Linganisha hiyo na tisheti hamsini.

Halafu rudi hapa Nairobi. Maktaba ya McMillan pale Banda Street, ile yenye simba wawili mlangoni, ilifunguliwa 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Hivyo ndivyo maktaba za umma zilianza kwetu: za watu wachache, wa mitaa michache, na sisi wa upande huu wa jiji tunaishi kwenye mitaa ileile iliyotengewa hao wachache. Mwaka 2017 wanawake wawili, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha Book Bunk ili kuifufua McMillan pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Hawakuenda kuacha masanduku na kuondoka. Waliingia makubaliano na kaunti yenyewe, na matawi ya Eastlands yakatengenezwa kwanza, pale ambapo watoto wanaishi, kabla ya lile jengo kubwa la katikati ya jiji. Leo kuna vipindi vya hadithi, kuna shughuli, kuna watu. Imechukua miaka, si wikendi.

Ukiwaangalia wote watatu, utaona walimlipa mtu, walikuwa na ratiba, na walifanya kazi na wenyeji au na serikali badala ya kuwaruka. Hakuna hata mmoja aliyemaliza kwa siku moja.

Sasa wewe, ukiwa umekaa Spring Valley, ufanye nini?

Moja, uliza kwanza. Kabla ya sanduku lolote, piga simu. Si kwa mwalimu mkuu pekee, maana yeye atakubali kila kitu. Ongea na anayeshika ufunguo. Ongea na watoto. Uliza: mnafungua saa ngapi? Nani analipwa? Kitabu gani kimeombwa mara nyingi na hakipo? Wakikuambia wanataka kulipiwa umeme miezi sita, lipa umeme. Haina picha nzuri, najua. Lipa tu.

Mbili, geuza pesa ya basi. Piga hesabu: basi, dereva, mafuta, chakula, tisheti, bango. Hiyo pesa inaweza kumlipa kijana wa palepale aliyemaliza kidato cha nne na anangoja chuo, afungue maktaba kila Jumamosi kwa muhula mzima. Mpe kazi, mpe mkataba hata wa ukurasa mmoja, mlipe kwa wakati. Kujitolea ni kuzuri kwa mtu aliyeshiba. Usimwombe kijana asiye na nauli "ajitolee" huku wewe unapata cheti.

Tatu, kama ni vitabu lazima, nunua vipya, vichache, vilivyoombwa. Au tumia kipaji chako. Kuna tovuti ya African Storybook yenye hadithi za watoto za bure, kwa Kiswahili na kwa lugha zetu nyingi, na leseni yake inaruhusu mtu yeyote kutafsiri. Unajua Kiluhya, Kikamba au Kidholuo? Kaa na shosho wako mtafsiri hadithi kumi, mzichapishe, mzipeleke. Kama hujui lugha yako, hiyo nayo ni sababu nzuri ya kukaa na shosho.

Nne, na hii ndio kubwa, fuata bajeti. Mwaka 2024 tulisoma Mswada wa Fedha. Sisi! Watu walioambiwa hatuwezi kusoma zaidi ya sekunde kumi na tano. Tuliusoma, tukautafsiri kwa lugha za nyumbani, tukaueleza kwa video, na nchi nzima ikajua mkate ulikuwa unataka kutozwa kodi ya asilimia 16. Bajeti ya kaunti ni rahisi zaidi kusoma kuliko ule mswada. Sheria inasema waraka wa mikakati ya fedha wa kaunti uwe umefika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, ndio mwaka wa fedha uanze Julai 1. Na Katiba, kifungu cha 196, inalazimisha bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi. Kwa hivyo tafuta makadirio ya kaunti ya ushago kwenu. Tafuta neno "maktaba". Halipo? Hiyo ndio kontenti yako ya wiki. Lipo na lina pesa, lakini mlango umefungwa? Hiyo ni kontenti ya mwezi. Weka pamoja picha ya kufuli na ukurasa wa bajeti, umtaje MCA kwa jina, umuulize kwa adabu. Binamu zako wako kwa hiyo wodi, wana kura. Wape hizo karatasi waende kwa kikao cha umma. Wao waongee, wewe uwe nyuma.

Tano, kama unachotaka hasa ni kushika mkono wa mtoto na kumsomea, sawa, ni hamu nzuri. Kangemi iko hapa chini, matatu moja. Nenda kila Jumamosi kwa mwaka mzima. Ukiona huwezi kuahidi Jumamosi moja kwa wiki mahali unapofika kwa nusu saa, basi usiniambie uliguswa sana na watoto wa kilomita mia nne.

Ni hayo tu

Nimeona watu wakisema vijana wa upande huu wa Waiyaki Way hatujali. Mimi naona tunajali sana, ila tunajali kwa njia inayotufurahisha sisi. Mtoto anayerudi nyumbani mara tatu kwa sababu ya kufuli hahitaji uguswe. Anahitaji mtu alipwe, mlango ufunguliwe Jumamosi, na kiti cha kukalia. Na ni haki yake kwa Katiba, si zawadi yako.

Agosti inakuja. Lile kundi la WhatsApp lishaanza kupiga kengele, najua. Kabla hujatuma pesa ya tisheti, uliza swali moja tu mle ndani: nani ana ufunguo, na nani anamlipa? Kama hakuna anayejua jibu, basi lisitoke gereji.

Na wale mko ushago mnasoma hii kwa simu: niandikieni hapo chini. Maktaba yenu hufunguliwa siku gani? Nitakusanya majibu kaunti kwa kaunti, kisha tuyaweke kando ya bajeti zao, mstari kwa mstari. Wale wa leseni za pombe nao wasome.